Ruhusa ya Kufunika Dohani

Iko nchi moja ya baridi, juu milimani, na jina lake msiniulize. Nikilitaja nitaulizwa nimelijuaje, nikieleza nimelijuaje nitaulizwa nani mwingine analijua, na mimi ni mtumishi wa umma mwenye miaka kumi na tisa kazini, sipendi kuwachosha wakubwa. Itoshe kusema kwamba kila nyumba ya nchi hiyo ina dohani, yaani lile bomba la matofali la kutolea moshi juu ya paa, na kwamba mimi, Saburi, ndiye karani wa zamu ya asubuhi kwenye Kilima cha Hesabu.

Nina ushauri kwa wenye nyumba. Funikeni dohani zenu. Ni kifuniko kidogo tu cha bati, chenye miguu minne na wavu wa waya pembeni, na fundi hodari anakimaliza kwa mchana mmoja. Kinazuia mvua isiteremke ikamomonyoa matofali kwa ndani. Kinazuia cheche zisirukie paa la jirani. Kinazuia upepo usiurudishe moshi sebuleni, kinazuia panya na popo, na zaidi ya yote kinazuia ndege. Maneno haya si yangu, ni ya shemeji yangu Mbaruku, fundi bati, ambaye ameyasema sokoni miaka mingi hata sisi tuliokuwa tukimcheka tumeyashika kwa moyo. Ningependa kuishia hapo, lakini ushauri usio na sababu hausikilizwi, kwa hiyo nitaeleza.

Nchi yetu inaongozwa na Mlezi Mkuu. Asubuhi ya kwanza baada ya kuapishwa alitoka kibarazani na kikombe cha chai, akautazama mji ulio chini yake, akaona moshi umesimama wima juu ya mapaa yote, maana ilikuwa baridi na watu walikuwa wanapika uji. Akasema, "Angalieni wananchi walivyofurahi." Msaidizi wake akayaandika maneno hayo. Saa nne yakawa mwongozo, saa sita yakawa sheria, na kufikia alasiri watu wawili walikuwa wamekwisha kukamatwa kwa kuivunja.

Tangu hapo uchaguzi ulifutwa, tena kwa heshima zote, kwa sababu ilionekana ni usumbufu kuwauliza watu jambo linaloonekana kwa macho. Badala yake ikawekwa Saa ya Moshi. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja kila kaya inawasha moto, na sisi makarani tunakaa kilimani na darubini na Kitabu cha Furaha, tunahesabu. Moshi mwingi ni Daraja la Kwanza, maana yake kaya imefurahi sana. Moshi wa wastani ni Daraja la Pili, kaya imeridhika. Moshi haba ni Daraja la Tatu, kaya ina manung'uniko. Pasipokuwa na moshi kabisa tunaandika: Imenuna.

Mwanzoni baadhi ya watu walikuwa wajanja. Walikuwa wanawasha moto, kisha wanatoka zao kwenda shambani, na moshi unabaki unafurahi peke yake. Ikabidi sheria irekebishwe. Sasa wakati wa Saa ya Moshi wote hubaki ndani, mlango na madirisha yamefungwa, mpaka filimbi ya saa moja ipulizwe. Ikigundulika mtu alitoka kabla ya filimbi, huadhibiwa yeye, na huadhibiwa karani aliyemwandika.

Kaya ikinuna siku tatu mfululizo hutembelewa na Kamati ya Kubembeleza, ambayo ni wanaume sita na gari lisilo na namba. Sijui wanabembeleza vipi, si idara yangu. Najua tu kwamba waliobembelezwa wakirudi nyumbani huwasha moto hata saa nane za mchana, jua limewaka, na ukiwapa salamu ya kawaida wanakujibu, "Tumefurahi." Wengine hawarudi, na hao nadhani wamefurahia huko huko.

*

Jambo la pili mnalopaswa kulijua ni mbayuwayu. Yule ndege mdogo mweusi, mkia wake kama mkasi, ndiye aliye kwenye bendera yetu. Mlezi Mkuu alimchagua mwenyewe kwa sababu ni ndege anayesafiri kila mwaka na kila mwaka anarudi, tofauti na wanafunzi tunaowapeleka kusoma nje. Kiota cha mbayuwayu popote kilipo ni Makazi ya Taifa. Kukigusa ni miaka mitano, kukibomoa ni kumi na miwili.

Sasa mbayuwayu, Mungu awasamehe, wanapenda dohani. Ndani mna joto, mna giza, na mna matofali mazuri ya kubandika tope. Dohani isiyofunikwa kwao ni nyumba iliyoachwa wazi na mwenyewe. Na kifuniko cha bati kina kasoro moja kubwa kiserikali: hakiachi moshi usimame wima, kinaugawa ukatokea pande nne, ukawa haba machoni pa anayehesabu. Kwa hiyo hakikupigwa marufuku, la hasha, sisi si nchi ya marufuku. Kiliwekewa tu utaratibu wa kuomba ruhusa.

Dada yangu Sikudhani aliomba. Ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, na alikuwa anafuma masweta ya watoto wa shule. Hili nililovaa kilimani miaka yote, la kijivu, lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, alilifuma yeye, na nilipomwambia mikono haijalingana aliniambia nikue upande mmoja. Alikuwa na pumu. Mwaka uliotangulia mbayuwayu walijenga katika dohani yake, wakaacha upenyo mdogo, na kwa miezi mitatu alikohoa mpaka majirani wakawa wanaijua saa kwa kikohozi chake. Daktari alimwambia hivi: bibi, moshi mwingine kama huo kifua chako hakitaustahimili. Hakumficha kitu.

Kwa hiyo mumewe, Mbaruku, alikata bati, akakunja, akapiga misumari, na kabla ya jua kutua kifuniko kilikuwa juu ya meza ya sebuleni. Kilikuwa kizuri kwelikweli. Mbayuwayu walikuwa bado mwezi mzima hawajarudi.

"Si upande tu ukakiweke?" dada alimwambia. "Ni kazi ya kupanda ngazi tu."

"Na huyu ndugu yako kule kilimani je?" Mbaruku akanionyesha kwa nyundo. "Kesho asubuhi atauona moshi wako umekwenda pande nne."

Dada akanigeukia. Alikuwa na tabia ya kunitazama kwa chini, akiwa bado anafuma. "Eti mdogo wangu. Ukiniona nina moshi wa pande nne utaniandika?"

"Nitakuandika," nikasema.

"Mwanangu huyu!" akacheka. "Nilimbeba mgongoni, ananijibu kwa kitabu." Wote watatu tukacheka, na mimi nikajisikia mtu mkubwa, kwa sababu nilikuwa nasema kweli. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, mimi ni mtu wa serikali, ombi lao nitalipeleka mwenyewe.

*

Idara ya Mapaa ilitupokea vizuri. Ombi letu liligongwa mihuri saba siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa najulikana, na wiki ya pili tukaitwa mbele ya Afisa Ndege Mwandamizi, Bwana Lukindo. Ni mtu mpole, msomi, mwenye kabati lililojaa mayai matupu yaliyobandikwa majina. Alilisoma ombi mara mbili, akavua miwani.

"Mnataka kuifunika dohani ili ndege wasiingie," alisema. "Sheria inataka nithibitishe kwanza kwamba hawamo ndani. Je, wamo?"

"Hawamo, mheshimiwa," Mbaruku akajibu. "Hawajarudi safarini."

"Basi siwezi kuthibitisha kwamba hawamo."

"Lakini hawamo."

"Bwana fundi, hawamo kwenu, hawamo kwangu, hawamo nchi nzima. Huo si uthibitisho, huo ni msimu. Yeyote anaweza kukosa ndege wakati ndege hawapo. Ngojeni warudi, nije nipande, nikague. Nikikuta dohani yenu haina ndege huku ndege wakiwepo nchini, hapo nitakuwa na jambo la kuandika."

"Na ukikuta wameingia?"

Bwana Lukindo akatabasamu kwa upole wa kweli. "Basi hongereni. Mtakuwa mmechaguliwa."

Tukatoka nje, dada akitangulia. Hapo akasimama, akashika nguzo ya uzio, akavuta pumzi mara mbili tatu. "Saburi," aliniuliza, "yule mtu ana akili timamu?" Nikamwambia ana shahada mbili. Akasema hakuuliza hilo.

Mbayuwayu walirudi siku ya Jumapili, kwa shangwe, mizinga ikapigwa. Bwana Lukindo alianza ukaguzi Jumatatu kwa mpangilio wa mitaa, akafika mtaa wa dada baada ya siku kumi na moja. Siku kumi na moja ni nyingi kwa ndege mwenye haja. Alipanda ngazi, akachungulia na tochi, akashuka ana tope kwenye pua na machozi machoni. Viota viwili, alisema, vimeungana, jambo la nadra, ameliona mara moja tu tangu aanze kazi. Papo hapo akapigilia mlangoni kibao cha shaba kilichoandikwa KAYA MWENYEJI. Kile kifuniko cha bati kikabaki mezani, na dada akakitandikia kitambaa juu, akawa anawekea redio.

*

Iliyobaki ilikuwa njia moja: kuomba msamaha wa Saa ya Moshi kwa sababu ya ugonjwa. Fomu yake inapelekwa na mkuu wa kaya mwenyewe, mkononi, katika wizara iliyo mji mwingine, na hupokelewa Alhamisi tu. Mbaruku akaondoka Jumanne kwa lori la viazi. Alimwambia mkewe asiwashe moto hata kidogo mpaka yeye arudi Ijumaa jioni. "Acha wakuandike wanavyotaka," alisema. "Nikirudi na karatasi watafuta."

Jumatano dada hakuwasha. Nikaandika: Imenuna.

Alhamisi hakuwasha. Nikaandika: Imenuna. Naikumbuka kalamu, ilikuwa inavuja, ikabidi nirudie neno.

Alhamisi hiyo mchana alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amevaa kanga zake mbili na sweta, akakaa kwenye kiti cha mlangoni ambako kuna hewa. Nikamwekea chai. Hakuigusa.

"Kesho ni siku ya tatu," akasema.

"Najua, dada."

"Yule Mama Tausi wa nyuma kwetu walimchukua mwaka juzi. Karudi hajui jina la mwanawe." Akakisogeza kikombe pembeni. "Saburi, sijawahi kukuomba kitu. Niandikie kesho. Daraja la Pili tu, sitaki makuu. Mbaruku anarudi jioni na karatasi, mambo yamekwisha."

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri sana, kwa utaratibu, nadhani kwa muda mrefu. Nikamwambia kwamba Mkuu wa Kilima hupita nyuma yetu bila taarifa akalinganisha kitabu na mapaa. Nikamwambia kwamba kwa miaka kumi na tisa sijaandika mstari mmoja wa uongo katika Kitabu cha Furaha, na kwamba karani akianza na dada yake kesho ataanza na mtu mwingine. Nikaliita jambo hilo uaminifu. Nilikuwa naogopa, lakini uaminifu ndilo neno lililokuwa karibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akinitazama kwa chini, ila safari hii mikononi hakuwa na sindano wala uzi.

"Haya baba," akasema. "Nitawasha moto mdogo. Nitatumia vijiti vitatu, nitakaa karibu na mlango. Saa moja si kitu."

"Ukizidiwa utoke," nikamwambia.

"Nikitoka kabla ya filimbi watakuadhibu wewe."

"Utoke tu, dada."

"Haya," akasema, akanirekebishia kola, akaondoka.

*

Ijumaa kulikuwa na baridi kali, na anga safi, siku nzuri ya kuhesabu. Filimbi ya saa kumi na mbili ikapulizwa. Moshi ukaanza kusimama mtaa kwa mtaa, nami nikaandika kama kawaida, Pili, Pili, Kwanza, Tatu, Pili. Mtaa wa dada niliuacha mpaka mwisho. Nilipoelekeza darubini hapakuwa na kitu juu ya paa lake, nikadhani ameshindwa kuwasha.

Kisha nikauona moshi. Haukutokea juu. Ulikuwa unatoka chini ya paa, na kwenye upenyo wa mlango, na katikati ya mbao za dirisha, kila mahali palipokuwa na ufa, mweupe na mzito, mpaka kuta zikawa hazionekani. Baadaye wataalamu walieleza kwamba usiku viota viwili vilikuwa vimeongezwa tope na upenyo wa mwisho ukazibwa. Wakati ule sikuwa na wataalamu. Nilikuwa na macho tu.

Mkuu wa Kilima alikuwa nyuma yangu. Akachukua darubini, akaguna.

"Nyumba ya nani ile?"

"Ya dada yangu, mkuu."

"Hongera sana. Sijaona furaha ya namna hiyo tangu sherehe za jubilii. Tena walikuwa wamenuna siku mbili! Unaona? Watu wanajirudi wenyewe."

"Mkuu," nikasema, "unatoka dirishani."

"Kitabu kina safu ya dirisha?"

Nikakitazama kitabu. "Hakina, mkuu."

"Basi haukutoka dirishani."

Alisimama hapo, akisubiri. Nikaandika: Daraja la Kwanza. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga na mstari chini, kama inavyotakiwa kwa kaya iliyotoka Imenuna moja kwa moja hadi Kwanza. Kisha nikaendelea na mtaa unaofuata, kwa sababu mtaa unaofuata ulikuwa unasubiri.

Ningependa kuwaambia kwamba sikujua. Nimejaribu kulisema mara nyingi, mbele ya watu na nikiwa peke yangu, na kila nikilisema naiona ile mbao ya dirisha.

Habari ilinifikia saa tano. Majirani walikuwa wameuona moshi nao, lakini walikuwa ndani wamefungiwa na sheria kama wengine, na filimbi ilipopulizwa moshi ulikuwa umeshapungua, wakadhani amemaliza akalala. Walivunja mlango saa nne. Alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea mlango, amejiziba mdomo kwa kanga. Komeo lilikuwa usawa wa bega lake, na halikuwa limeguswa. Watu walinifariji kwamba alizidiwa ghafla, hakuwa na nguvu ya kuinua mkono. Mimi namjua dada yangu. Alikuwa anasubiri filimbi.

Mbaruku alifika jioni na lori lile lile. Msamaha ulikuwa umekubaliwa, kuanzia Jumatatu.

*

Serikali haikulala. Tume iliundwa siku hiyo hiyo, ikakaa wiki sita, ikanihoji mimi kwa muda usiozidi kikombe kimoja cha chai. Walitaka kujua kama nina hakika na daraja nililoandika. Nikasema nina hakika. Nikauliza kama inawezekana kulifuta. Mwenyekiti akaeleza kwa huruma kwamba kilichoandikwa kwenye Kitabu cha Furaha hakifutwi, na hata kingefutwa, ningependa kweli dada yangu akumbukwe kwamba alikufa akiwa amenuna? Ripoti ikatoka kurasa mia mbili. Ilisema marehemu alizidiwa na furaha.

Ukurasa wa mwisho uligusia jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria. Katika vile viota viwili mlikuwa na makinda wanne, na makinda wote wanne walikuwa wamekufa kwa moshi.

Hapo nchi ilitikisika. Bendera ilishushwa nusu mlingoti. Waziri wa Utulivu alikuja mtaani kwetu na bendi ya shaba, likatandikwa zulia mbele ya nyumba ya shemeji, na makinda wakawekwa kwenye sanduku dogo la mninga lenye kioo. Waziri alihutubia kwa saa moja na nusu. "Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilikatika kweli, hakuwa anaigiza, "wanne hawa hawakuwahi kuliona anga la nchi yao. Walizaliwa gizani, wakavuta pumzi moja tu, na pumzi hiyo ikawa moshi. Ni nani kati yetu alijiuliza kama wanaweza kupumua? Ni nani aliyepita karibu, akaona, akaenda zake?" Watu walilia. Wanawake waliokuwa wamemwosha dada yangu walilia kwa sauti ambayo hawakuitoa siku tuliyomzika, kwa sababu siku ile haikuruhusiwa, kaya ilikuwa Daraja la Kwanza.

Tukaambiwa tusimame dakika moja kuwakumbuka makinda. Nikasimama. Ile dakika niliichukua, nikampa Sikudhani. Sikumwambia mtu, na nilipotazama pembeni midomo ya watu ilikuwa inasema jina ambalo halikuwa la ndege.

Na mwisho wa hotuba Waziri akatangaza sheria mpya. Ili mbayuwayu asije akadhurika tena, kila mwenye nyumba sharti aifunike dohani yake ndani ya siku tisini, bila kuomba ruhusa, bila fomu. Moshi wa pande nne utahesabiwa sawa na moshi wima. Ilichukua dakika mbili kuisoma, pamoja na makofi.

Ndiyo maana nawashauri mfunike. Sasa ni sheria.

*

Mbaruku amekuwa fundi mkubwa. Anapiga bati tangu asubuhi, ana foleni hadi barabarani, na yale maneno yake kuhusu mvua na cheche na ndege hayasemi tena, watu wanaagiza tu na yeye anakata. Nyumbani kwake hawashi moto. Chakula analetewa na majirani. Kila asubuhi mimi naelekeza darubini kwenye paa lake, naona hapana kitu, na naandika Daraja la Pili. Mkuu wa Kilima amepita nyuma yangu zaidi ya mara kumi na hajawahi kulinganisha chochote. Ningeweza kuandika hivyo tangu mwanzo. Hakuna kinachoniuma kama hilo, na nimelisema hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kulisema.

Wiki iliyopita ilifika zamu ya ofisi yetu, maana nasi tuna dohani. Mbaruku alikuja mwenyewe, mchana, na ngazi yake. Tangu mazishi tulikuwa tunasalimiana tu. Nikamshikia ngazi. Akapanda, akapima, akapigilia kifuniko, akashuka, akanawa mikono kwenye ndoo. Kisha akakaa kwenye kiti changu, kile cha kuhesabia, akautazama mji.

"Shemeji," akasema, "asubuhi ile ulikuwa zamu wewe."

"Nilikuwa."

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Unatoka dirishani."

"Dirishani na mlangoni," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha vipimo. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa hata nimevua lile sweta nikaliweka pembeni asilione. Alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja, nyundo, mkasi wa bati, kopo la misumari, akafunga mfuko, akaweka ngazi begani. Alipofika pale njia inapoanza kuteremka akageuka.

"Kutoka hapa mpaka nyumbani ni mwendo gani?"

"Dakika ishirini," nikamwambia. "Nane, mtu akikimbia."

"Umepima?"

"Nilikimbia siku ile."

"Saa ngapi?"

"Saa tano," nikasema.